Spika ya Baba Ilivyotoka Mtungini

Mimi ni fundi wa redio. Sikusema nilikuwa, nimesema ni, maana ufundi hauzeeki hata magoti yakizeeka. Wako watu wanaoona haya kujisifu. Mimi haya hizo niliziacha Viwandani, kwenye kiwanda kimoja cha kuunganisha redio, siku msimamizi alipopita nyuma ya meza zetu sisi wasichana, akaokota redio yangu kati ya nyingi na kuuliza, "Hii imeungwa na nani? Wengine njooni mtazame." Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sawa, lakini wahenga hawakuwahi kufanya biashara karibu na Soko la Burma, Nairobi. Pale hata kizuri hupigiwa kelele.

Kiwanda kilifungwa miaka ya sabini ikielekea kuisha. Wenzangu walikwenda kushona, wengine wakauza mboga. Mimi nilibeba chuma changu cha kuchomea risasi ya kuungia nyaya, nikatafuta kipande cha ukuta kando ya bucha moja pale Burma, nikaweka meza. Mwenye bucha alikuwa jirani ya wazazi wangu kule Maringo, mzee kutoka Murang'a, tumbo mbele na mdomo usio na breki. Siku ya kwanza alinitazama nikifungua redio ya mteja, akasema kwa sauti ya kusikiwa na soko zima, "Mwanamke fundi redio! Nikikuletea yangu si utaipika?"

Nikamjibu, "Mzee, wewe ni mwanaume na kutwa unakatakata nyama, kazi ya jikoni. Kuna mtu amekucheka?"

Wateja wake waliangua kicheko mpaka mmoja akapaliwa na mfupa. Tangu hapo tukawa watani, na yeyote aliyekuja kula nyama choma aliambiwa, "Redio yako ikikohoa, mpelekee yule mama hapo, lakini chunga ulimi wake."

Sasa nije kwa baba yangu, maana habari yenyewe ni yake.

Baba alitoka magharibi ya nchi akiwa kijana, akaandikwa kazi kwenye kiwanda cha mapipa na masanduku ya mabati, na humo ndimo alimomalizia nguvu zake. Nyundo mkononi, bati mbele, bati nyuma, na wenzake kila upande wakigonga vilevile. Alipata nyumba Maringo, akatulea humo, akastaafu humo. Mimi aliniita Mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Hata akinigombeza alinigombeza kwa heshima: "Mama, leo umekuwa mjinga kabisa."

Kitu alichojivunia kuliko vyote, baada ya kanisa, kilikuwa redio yake. Na si redio ya kusikiliza muziki, hapana. Baba alikuwa mtu wa masafa mafupi. Stesheni ya nyumbani ilitwambia nani amefungua nini na nani amempungia nani mkono. Ukitaka kujua dunia imelalaje, ulivuta waya wa eriali mpaka kwenye mti wa kuanikia nguo, ukangoja taarifa za Kiswahili kutoka ng'ambo. Kila jioni, jua likianza kuteremka, baraza ya Baba ilijaa. Wastaafu wenzake walikuja na viti vyao, mwenye bucha alikuja na harufu ya moshi, akina mama walipitia na sukuma wiki mkononi wakasema wanasimama kidogo tu, wakasimama mpaka mwisho.

Baba alikaa kiti cha karibu na redio. Taarifa zikisomwa hakuna aliyethubutu kukohoa. Zikiisha, ndipo kazi yake ilipoanza. Kiswahili cha wale wasomaji kilikuwa cha kuvaa tai, na sisi wa Eastlands Kiswahili chetu kilikuwa cha kuvaa ndala. Kwa hiyo Baba alizifumua habari moja moja, akazieleza upya kwa lugha ya kwetu, Kiluhya kidogo, Kikuyu cha kuokota, utani katikati, mpaka bibi wa nyumba ya pembeni aliyekuwa hajui hata Ulaya iko upande gani akatikisa kichwa na kusema, "Hao watu wana shida kweli." Hapo Baba alikuwa mfalme. Mtu aliyegonga mabati maisha yake yote, halafu jioni wazee wazima wanamngojea afumbue mdomo! Mimi nikitoka Burma, kabla sijaenda kwangu Jericho nilikokuwa nimeolewa, nilipita pale makusudi nimtazame.

Na ule mtungi. Lazima niueleze mtungi.

Siku hizo redio ilihukumiwa kwa kifua chake. Ikiwa na sauti nyembamba, mwenyewe alichekwa. Kwa hiyo watu walitoa spika ndani ya redio, wakavuta waya, wakailaza spika kwenye mdomo wa mtungi wa udongo. Sauti ikaingia tumboni mwa mtungi, ikatoka imenenepa. Hiyo ndiyo ilikuwa bezi, na bezi ndiyo ilikuwa heshima. Katika safu yetu ya nyumba, Baba ndiye aliyetangulia. Alimbembeleza mama yangu mwezi mzima ampe mtungi wake wa maji uliotoka nyumbani, na mama yangu hajausamehe wizi huo mpaka leo. Zaidi ya mtungi, nobu ya toni, kile kirungu cha kuchagua sauti nene au nyembamba, aliizungusha yote upande wa bezi, ikakaa huko mpaka nikadhani imeota mizizi.

Kulikuwa na sababu ya nobu hiyo. Masafa mafupi yana ugonjwa wake. Stesheni zimebanana, moja ikiisukuma nyingine unatokea mluzi mwembamba unaochoma masikio mpaka kwenye jino bovu, na nyuma yake kuna mchakacho kama wa mafuta ya kukaangia. Dawa ya watu wote ilikuwa moja: zungusha toni kwenye bezi, mluzi unakufa. Mluzi ukianza tu, baraza nzima ilipiga kelele, "Toni! Toni!"

Basi jioni moja mwenye bucha alinijia mezani, kisu mkononi, uso hauna mzaha.

"Fundi, mzee wako ametususia?"

"Amewasusia vipi?"

"Siku hizi habari zikiisha anasema, 'Nyinyi mmesikia, elezeni nyinyi.' Tukicheka anacheka, lakini anachelewa, anacheka baada yetu. Na juzi hakutoka kabisa. Tumekuta kiti tu."

Sikupenda. Siku hiyo nilifunga mapema, nikaenda Maringo. Baba alikuwa ndani, mlango umerudishwa, akasema ana kifua. Nikamuuliza kuhusu redio. Akasema, "Imezeeka, Mama. Masafa yamechafuka. Wale watu wakiongea ni ngurumo tu."

Niliibeba mpaka Burma. Niliifungua yote. Nilisafisha swichi ya bendi kwa spiriti, nikapima kila kitu kinachopimika, nikabadilisha hata kapasita ambayo haikuwa na kosa. Ile redio ilikuwa nzima, tena nzima kuliko nyingi zilizotoka dukani. Nikairudisha nikitembea kifua mbele. Baba akaisikiliza kidogo akasema, "Bado ni chafu."

Jamani! Mimi mtu akiniambia kazi yangu ni mbovu damu hunipanda hata akiwa askofu. Nikasema, "Baba, hii redio ni safi. Ngoja nikuonyeshe." Nikaing'oa ile nobu ya toni kutoka kwenye mizizi yake, nikaizungusha yote upande wa pili ili asikie kila kitu, nikaanza kutafuta stesheni. Nikakuta mbili zimebanana, na pale mtungini ukatoka mluzi ambao sijawahi kuusikia tena. Mama yangu alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo, aliuangusha ungo akaziba masikio, "Mayi wee! Zima kitu hicho!" Mtoto wa jirani akaanza kulia.

Baba alikuwa amekaa ametulia. Alinitazama kwa huruma kabisa.

"Unaona?" akasema. "Ngurumo tu."

Mkono wangu ulibaki kwenye redio. Nikaisogeza stesheni polepole mpaka mluzi ukashuka ukawa mzito kama filimbi ya mti. Baba akainua kidole: "Hapo kuna kitu kinalia." Nikaupandisha. Kidole kikabaki juu, kikasitasita, kikashuka. "Kimekatika," akasema. Na hakikuwa kimekatika. Mama yangu alikuwa bado ameziba masikio.

Nilizima. Nikasema nimeona tatizo, ni waya, nitaleta mwingine. Nikaenda jikoni kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka ayaone. Nilikasirika, haki ya Mungu. Si yeye niliyemkasirikia, ni yale mabati. Yalikuwa yamemla masikio kidogo kidogo, yakianzia juu, na sisi tuko naye kila jioni tukidhani anapuuza watu.

Mama yangu alinifuata. Kumbe alijua.

"Mwenzio najua tangu mwaka jana," akasema. "Nikimwita kutoka hapa anasikia kuna mtu, hasikii anachosema. Na sasa ameamua. Jumapili baada ya kanisa anampelekea yule wa bucha redio, iwe yake, baraza ihamie huko. Halafu anasema tuende nyumbani."

"Nyumbani kufanya nini?"

"Hata mimi nimemuuliza. Hakuna ng'ombe, wenzake wa rika wamekwisha. Atakaa kwenye kigoda akitazama barabara mpaka afe. Yule mtu uhai wake uko pale nje, kwenye kile kiti."

"Basi tumwambie ukweli! Mficha maradhi kilio humfichua."

Mama yangu alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Usimwambie. Mwanamume kama yule haambiwi na mtoto wake kwamba ameanza kuisha. Nakuomba. Wewe si fundi? Tengeneza."

Ilikuwa katikati ya wiki.

Nitaeleza kilichokuwa kimetokea, na nitaeleza polepole, maana wengi walionizunguka pale Burma walikuwa wakielewa wakishamaliza mfupa wa pili. Sauti ya mtu ina tumbo na ina meno. Tumbo ni ule uzito wa chini, unaokwambia kwamba ni mwanamume anaongea na amekula vizuri. Meno yako juu: pale ndipo maneno yanapokatwa, pale ndipo *sa* inapotofautiana na *fa*, na *ta* na *ka*. Ukilisikia tumbo bila meno, unasikia ngurumo. Sasa ule mluzi wa masafa mafupi nyumba yake ni huko huko kwenye meno. Sisi tulipoua mluzi kwa nobu ya toni tuling'oa na meno yote, tukabaki na tumbo, halafu tukalitia tumbo mtungini likazidi kuvimba. Mwenye masikio mazima huokota meno mawili matatu yaliyobaki akaelewa. Baba hakuwa na cha kuokota. Estate nzima tulikuwa tunasikiliza habari za dunia kupitia chombo cha kupozea maji, na tunaona fahari.

Kwa hiyo nilitaka vitu viwili. Tumbo lipunguzwe, meno yaachwe yote. Na mluzi utolewe peke yake, kama unavyotoa jiwe kwenye mchele bila kumwaga mchele.

La kwanza lilikuwa rahisi. Kapasita ndogo njiani kwenda kwenye spika, sauti nzito inakwama, nyembamba inapita. La pili lilinitoa jasho. Nilivunja transfoma ya redio moja iliyokufa, nikasuka koili yangu ya waya kwa mkono, nikaifunga na kapasita ikawa mtego: sauti zote zinapita isipokuwa ile moja uliyoitega. Ila mluzi hautulii mahali pamoja, kwa hiyo mtego nao lazima usogee. Nilijaribu hivi nikajaribu vile. Mtego ulimeza mluzi ukameza na nusu ya msomaji. Nikaufumua. Mwenye bucha akachungulia, "Unapika nini leo?" Nikamwambia ondoka hapa kabla sijakuchoma pua. Aliondoka, maana alijua utani umekwisha. Ijumaa mchana, nikiwa nimeungua vidole na sijala, mluzi ukaondoka na mtu akabaki anaongea. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikauingiza mtambo wote kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nobu moja ya mtego, nobu moja ya tumbo. Msiniulize kama niliona kwenye kitabu. Kiwandani tuliunga tu, hatukuambiwa kitu kinafanya nini. Mengine niliyafikiria mwenyewe.

Jumamosi alasiri nilifika Maringo na mkebe wangu na spika ndogo kwenye sanduku la mbao. Niliposhika waya wa mtungi, Baba akanguruma, "Usiguse mtungi wangu!"

"Baba, najaribu tu mashine ya mteja. Nipe dakika chache, halafu nitaurudisha."

"Mteja gani?"

"Mteja msumbufu," nikasema. "Haridhiki na chochote."

Mama yangu aligeuka upande akajifanya anakohoa. Baba akaniruhusu, kwa shingo upande. Niliunganisha, nikaitafuta ile stesheni yake ya ng'ambo, kulikuwa na matangazo ya mchana. Ilisikika nyembamba, kavu, kama mtu anayeongea na pua. Mimi mwenyewe sikuipenda. Nikazungusha nobu ya tumbo, nikapunguza, nikapunguza tena, macho yangu kwenye uso wa Baba wala si kwenye mkebe.

Aliinua mkono, kama alivyokuwa akiwanyamazisha watu. Akainamisha kichwa. Akakaa hivyo.

"Huyu msomaji," akasema hatimaye, "ana mafua."

Na kweli alikuwa na mafua! Kila akifika mwisho wa sentensi alivuta pua kidogo. Mimi sikuwa nimelitambua hilo. Mama yangu aliketi chini pale pale kwenye sakafu, akajifunika uso kwa leso. Baba hakumwona. Alikuwa amesogeza kiti na anatabasamu na mtu aliye ng'ambo ya bahari kama amekutana na rafiki aliyedhani amekufa.

"Iache hivi," akaniambia. "Mteja wako atangoja."

Jioni watu wakaja, wengi kuliko kawaida, kwa sababu mwenye bucha alikuwa ametangaza kwamba mzee ametoka. Wakapeana mikono, wakaweka viti. Niliwasha redio. Taarifa zikaanza, na ile sauti nyembamba ikatoka kwenye kisanduku changu.

Walitazamana.

"Aterere!" mwenye bucha akasema. "Hii ni nini? Mbu ameingia kwenye debe?"

"Bezi iko wapi?" mwingine akauliza. "Mtungi umevunjika?"

Mluzi nao ukaja, kama ulivyokuwa ukija kila siku, na wote wakafungua midomo kupiga kelele za toni. Nikazungusha nobu ya mtego. Mluzi ukatoweka, msomaji akabaki, hakuna neno lililopotea. Nawaambia, Nairobi nzima jioni ile sijui kama kulikuwa na redio nyingine iliyoweza kufanya vile. Na hakuna aliyesema hata asante! Walikuwa wanatafuta bezi yao.

"Fundi, umeharibu redio ya mzee," mwenye bucha akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Ilikuwa inanguruma kama simba. Mzee amekuwa mgonjwa, umechukua nafasi ukaja kufanya majaribio yako kwenye kitu chake. Rudisha spika kwenye mtungi."

"Ndiyo, rudisha," wengine wakasema. Mama mmoja akaongeza kwamba ndiyo maana yeye redio yake huipeleka River Road kwa mafundi wanaume.

Nilisikia damu ikinipanda kutoka kwenye nyayo. Wateja wangu nusu walikuwa pale. Neno moja tu lingenitosha. Ningesema, "Hii nimeitengenezea masikio ya Baba," wangenyamaza wote, na kesho yake Burma nzima ingejua mimi ni fundi wa namna gani. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama.

Nikalimeza. Sijawahi kumeza kitu kigumu kama kile. Nikasema, "Ni kweli. Nimeiharibu. Nitairekebisha."

Nikainama kushika waya.

"Acha," Baba akasema.

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameketi karibu nami, na kelele zao zilikuwa zimemfikia hata yeye. Taarifa zilikuwa zinaendelea. Alinyoosha mkono mwenyewe akapunguza sauti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya katikati ya habari tangu nimjue. Akasimama. Alikuwa mrefu, Baba, na akisimama pale barazani watu walilazimika kuinua shingo.

"Redio haijaharibika," akasema. "Kilichoharibika ni masikio yangu."

Akajigusa sikio.

"Mabati yameyala. Nina mwaka mzima nakaa hapa na nyinyi, nasikia ngurumo, nacheka mkicheka. Nikaona aibu. Nikasema nitawaachia redio nikajifiche nyumbani. Mlifikiri nina kifua. Sina kifua, nina uziwi." Akaweka mkono juu ya kichwa changu, nikiwa bado nimeinama, na mkono ule ulikuwa mzito. "Huyu Mama hakuniambia kitu. Alidanganya ana mteja. Amekaa akafikiri, akaitengeneza redio ifuate masikio yangu mimi, nisikie hata mafua ya mtu. Na sasa mmemtukana kazi yake mbele yangu, na amekubali kutukanwa ili nyinyi msijue yangu. Mimi siwezi kukaa kwenye kiti hiki juu ya jina la mtoto wangu. Anayetaka bezi, mtungi ule pale, autie maji anywe. Na mwenye neno jingine juu ya huyu fundi aje aniambie mimi. Nitamsikia vizuri sana."

Kisha mzee mmoja aliyegonga mabati pamoja naye miaka yote, mtu asiyependa maneno mengi, akainuka, akabeba kiti chake mpaka karibu kabisa na kisanduku, akakaa. Akasema, "Ongeza sauti. Hata mimi." Na mwingine wa kiwanda kile kile akamfuata, bila kusema kitu.

Mwenye bucha alivua kofia. "Ngai," akasema polepole. "Fundi, nimekosa." Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu siku ya kwanza Burma, na yalipokuja nikamsogezea kiti chake karibu na kisanduku.

Baba akaketi. Akaongeza sauti, akasikiliza mpaka mwisho, mkono sikioni bila kuficha. Habari zilipoisha alijipangusa mdomo, akaanza kuzifumua moja moja, na jioni ile alizifumua mpaka chakula kikapoa kwenye nyumba zote za safu yetu. Mimi nilisimama kando yake na mkebe wangu wa mafuta ya kupikia mikononi, nimejivuna mbele ya watu wote, nalia bila kujipangusa, mpaka mama yangu akanivuta nguo akaniambia nikae, naziba watu njia.